Majani ya miti kwa kondoo: ni mboga, si ugali

*"Shikamoo daktari. Mimi ni mfugaji mdogo, nipo Mufindi upande wa Mafinga. Nina kondoo kumi na wawili wa kienyeji, majike saba wana mimba. Kila mwaka kuanzia mwezi wa saba mpaka mvua zinaporudi nyasi zinakauka, wanabaki na mabua ya mahindi tu. Matumbo yanakuwa makubwa lakini ukipapasa mgongo ni mifupa mitupu. Jirani yangu anafuga mbuzi, anawakatia matawi ya miti na wananenepa. Ameniambia nifanye hivyo hivyo maana mbuzi na kondoo ni ndugu. Hapa kwangu miti haina idadi: mikaratusi, misindano, miwati, migrevilia, na nina miparachichi ya Hass sitini ambayo naipogoa sasa. Wiki iliyopita nilianza kuwapa matawi ya parachichi na wanayala vizuri. Ila jike mmoja aliyezaa wiki tano zilizopita, kiwele kimevimba na kuwa kigumu, maziwa yamepungua sana na mtoto analia kutwa. Je, naweza kulisha majani ya miti badala ya nyasi? Ya mti gani, na kiasi gani?"*

Marahaba, ndugu yangu. Kabla hujasoma zaidi, weka simu chini, nenda bandani ukaondoe kila tawi la mparachichi, hata yale makavu yaliyobaki chini ya hori. Ukishamaliza, rudi tuzungumze.

Nimeanza hapo kwa sababu kiwele ulichonieleza kinafanana sana na sumu ya parachichi. Majani ya mparachichi yana kitu kinachoitwa pasini. Kwa mnyama anayenyonyesha, pasini huua zile seli zinazotengeneza maziwa ndani ya kiwele. Ndiyo maana kiwele kinavimba na kuwa kigumu ndani ya siku moja au mbili, maziwa yanakauka au yanatoka ya majimaji yenye mabonge, na hakuna mdudu yeyote aliyeingia. Dozi ikizidi, sumu inahamia kwenye misuli ya moyo. Hapo utaona uvimbe chini ya taya, shingoni na kifuani, mnyama anakohoa, anahema kwa shida, anabaki nyuma wenzake wakitembea, na wakati mwingine anaanguka na kufa bila dalili nyingi.

Kiasi chenyewe si kikubwa kama watu wanavyodhani. Kondoo wa kilo 40 akila kilo moja ya majani mabichi kwa siku, siku tano mfululizo, anaweza kupata madhara makali ya moyo. Akila gramu 100 tu kila siku, yaani konzi chache, kwa muda wa mwezi mmoja hivi, moyo unachoka polepole. Kwa hiyo yule anayesema "mimi huwapa kidogo kidogo na hawajawahi kudhurika" huenda anaona kondoo wake wakikonda na kukohoa, akadhani ni mapafu au baridi ya Mufindi. Kuyakausha majani hayo hakuondoi sumu. Na ile Hass uliyopanda ina damu ya miparachichi ya asili ya Guatemala, ambayo ndiyo inayojulikana zaidi kwa sumu hii. Tunda lake ni baraka kwa mkoa mzima, lakini majani yake si chakula cha mfugo wowote: kondoo, mbuzi, ng'ombe, sungura wala kuku. Matawi unayopogoa yafukie au yarundike mahali palipozungushiwa uzio.

Huyo jike mwenye kiwele kibovu hana dawa ya kuiondoa sumu mwilini. Mtulize. Asipelekwe malishoni kwa mwezi mzima, abaki kivulini, asikimbizwe wala kushikwa kwa nguvu, kwa maana moyo wake huenda umeguswa na mbio zinaweza kumuua. Mwite daktari wa mifugo amwangalie leo au kesho, kwa sababu mbili. Ya kwanza, kuna dawa za kupunguza uvimbe na maumivu. Ya pili, ugonjwa wa kiwele wa bakteria unaweza kufanana na huu, na huo unahitaji antibiotiki. Kiwele kikiwa cha moto sana upande mmoja, au kikawa cha baridi na cha rangi ya bluu, na mnyama ana homa na hataki kula, hiyo ni dharura ya siku hiyo hiyo. Usimchome sindano kwa kubahatisha.

Mtoto naye asisubiri. Mwana-kondoo wa wiki tano anaanza kutafuna majani, lakini bado anaishi kwa maziwa. Mpe maziwa ya ng'ombe ya uvuguvugu kwa chupa, kiasi cha sehemu moja ya kumi ya uzito wake au kuzidi kidogo kwa siku, ukigawa mara nne. Kama ana kilo 7, ni kama robo tatu ya lita kwa siku. Maziwa ya ng'ombe ni mepesi kuliko ya kondoo, lakini yanatosha kumvusha. Mwekee na majani laini na pumba kidogo mahali ambapo wakubwa hawafiki. Maziwa ya mama yanaweza kurudi kidogo, ila kwa uzao huu usiyategemee.

Sasa tuje kwenye swali lenyewe, maana swali lako ni zuri na hali unayoieleza ipo kila kijiji kuanzia Mafinga mpaka Makete.

Umesema matumbo makubwa, migongo mifupa. Hapo umeeleza ugonjwa wa kiangazi kuliko vitabu vingi. Kondoo hasagi nyasi kwa nguvu zake mwenyewe. Tumbo lake la kwanza, lile kubwa la kushoto, ni kama pipa la kuchachushia, lina mabilioni ya vijidudu ambao ndio wanaovunja nyuzi za nyasi. Kondoo anawalisha wale vijidudu, kisha vijidudu wanamlisha yeye. Nao wanahitaji protini ili waishi na kuzaana. Chakula kikiwa na protini chini ya asilimia 7 hivi, vijidudu wanadhoofika, nyuzi hazivunjiki, na bua linakaa tumboni siku nyingi badala ya kupita. Tumbo linajaa, kondoo anaacha kula kwa kuwa hana nafasi, huku mwili wake ukiwa na njaa. Bua la mahindi lililokauka lina protini ya asilimia 4 hivi. Ukimwongezea mabua zaidi, unamwongezea mzigo.

Kwa hiyo kinachokosekana kwako si ujazo wa chakula, ni protini. Na hapa ndipo majani ya miti yanapoingia. Majani ya miti ya jamii ya mikunde yana protini ya asilimia 20 hadi 25, na mizizi yake inafika chini kwenye unyevu hata nyasi zikiwa zimeshakuwa kahawia. Ila majani haya yanachukua nafasi ya mboga, hayachukui nafasi ya ugali. Wewe huwezi kushiba mboga tupu, wala ugali mkavu haupiti kooni. Kondoo wako ugali wao ni bua, nyasi kavu, majani ya tembo; majani ya miti ni mboga ya kuusukumia. Swali lako linasema "badala ya nyasi". Jibu langu ni hapana: pamoja na nyasi, na yasizidi theluthi moja ya chakula cha siku.

Chukua hesabu hii, maana wafugaji wengi wanaacha hapa kwa kuona ni mambo ya wasomi. Kondoo wa kilo 35 anakula kiasi cha kilo 1.1 kwa siku, tukihesabu chakula kikavu kisicho na maji. Akila mabua peke yake, anapata kama gramu 44 za protini, asilimia 4, vijidudu wanakufa njaa. Sasa mpunguzie mabua yawe kilo 0.8, umwongezee kilo 1.2 za majani mabichi ya mti mzuri. Majani mabichi ni maji robo tatu, kwa hiyo hapo kuna kilo 0.3 za chakula halisi, zenye protini gramu 66 hivi. Jumlisha na gramu 32 za kwenye mabua, unapata 98. Umevuka asilimia 7, uko karibu na 9. Na utaona jambo ambalo huwashangaza watu: baada ya wiki moja au mbili kondoo anaanza kumaliza hata yale mabua aliyokuwa anayaacha, kwa sababu sasa pipa linafanya kazi na chakula kinapita.

Kilo 1.2 ni kiasi gani? Kata matawi membamba ya kaliandra au mforosadi, miti ya malisho nitakayokueleza chini, funga fungu linaloshikika vizuri kwapani, lipime kwenye mzani wa dukani siku ya kwanza. Ukishalijua kwa mkono hutahitaji mzani tena.

Jirani yako hajakosea kwa mbuzi wake, amekosea kwa kondoo wako. Mbuzi ni mla vichaka. Midomo yake na ulimi wake vinachagua jani moja kwenye mwiba, na mwili wake unaivumilia zaidi tanini, kile kitu cha ukakasi kilichomo kwenye majani na magome ya miti. Kondoo ni mla nyasi, kichwa chini, na kinga yake dhidi ya tanini ni ndogo. Vile vile usifikiri kwamba kondoo akikubali kula basi ni salama. Kondoo mwenye njaa anakula sumu. Wako wamekula parachichi "vizuri", umeona.

Nimetaja tanini. Wewe uliyeko Mufindi huhitaji maelezo marefu, kwa sababu umezungukwa na miwati. Mashamba makubwa ya miwati ya Njombe yalianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya gome lake, na gome lilitafutwa kwa ajili ya tanini. Ngozi mbichi ukiiloweka kwenye maji ya gome la mwati, tanini inakamata protini ya ngozi na kuifunga, haiozi tena, inakuwa ngozi ya viatu. Sasa fikiri jambo hilo hilo likitokea tumboni mwa kondoo. Tanini nyingi inakamata protini ya chakula na kuifunga, vijidudu hawawezi kuivunja, na inatoka kwenye kinyesi kama ilivyoingia. Kondoo amekula protini bila kuipata. Ndiyo maana simshauri mtu kutegemea majani ya mwati, japo kwenye karatasi yanaonekana yana protini ya kutosha. Kondoo akichuma machache akipita njiani, mwache. Usimkatie.

Tanini kidogo, kwa upande mwingine, ina faida yake. Inaikinga sehemu ya protini isiharibiwe yote kwenye tumbo la kwanza, ikasagwa mbele zaidi ambako mwili unaichukua moja kwa moja, inapunguza kuvimba tumbo kwa gesi, na kwa baadhi ya miti imeonekana kupunguza nguvu za minyoo ya tumbo. Yote ni suala la kipimo.

Miti yako mingine nitaipitia haraka. Mkaratusi una mafuta yale yale yanayonukia ukiponda jani; mafuta hayo yanaua vijidudu wa tumboni, na kondoo wenyewe wanayakimbia. Misindano ina utomvu na nyuzi ngumu, haina lishe ya maana, na misindano ya aina fulani inajulikana kutoa mimba za ng'ombe. Kwa majike wako saba wenye mimba, iache kabisa. Mgrevilia hauna sumu ya kutisha lakini ni chakula duni. Ukimpa kondoo mgrevilia juu ya mabua umempa bua juu ya bua. Kama una mapichi au maplamu nyuma ya nyumba, jua kwamba majani yake yakianza kunyauka yanatoa sayanidi, na tawi lililovunjwa na upepo likalala siku moja ni hatari kuliko lililo mtini. Kondoo aliyekula sana anaweza kufa ndani ya saa moja. Ua wa lantana nao unaharibu ini. Kondoo anakuwa na macho ya njano na ngozi ya masikio na pua inachubuka juani.

Mti mmoja ambao hukuutaja, na nina hakika upo karibu nawe, ni mlanzi, ule mwanzi unaogemwa pombe ya ulanzi. Mlanzi ni jamii ya nyasi, si mti kwa maana ya hizo nyingine, na majani yake yanabaki na ukijani wakati malisho yameshakauka. Majani yaliyokomaa kondoo anayala, ni bora kuliko bua. Machipukizi machanga usimpe, na kwa vyovyote hayo unayahifadhi kwa ulanzi.

Basi upande nini? Hapa ndipo wafugaji wa nyanda za juu wanapopotezwa na ushauri uliotoka kwenye nchi za joto. Kila kipeperushi kinasifia lusina. Lusina ni mti mzuri kwa Pawaga, kwa Izazi, kwa tambarare za Usangu ambako kuna joto. Mafinga, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,900, udongo wenye tindikali na asubuhi za mwezi wa sita na wa saba ambapo umande unaganda na kuunguza majani, lusina inadumaa. Halafu ina mimosini, kitu kinachomfanya kondoo anyonyoke manyoya na kuvimba tezi ya shingo akila nyingi kwa muda mrefu. Hao wa Usangu nao nawaambia wasizidishe theluthi, na wao wana hazina nyingine, maganda ya migunga na ya mkababu. Mkababu una tabia ya ajabu ya kubaki na majani kiangazi na kuyapukutisha masika.

Kwako nafikiria miti mitatu au minne, na ningeipanda kwa kuchanganya badala ya kutegemea mmoja.

Tagasaste ndiyo ningeianza. Asili yake ni visiwa vya Kanari, imezoea baridi ya milimani, inavumilia umande wa kuganda usio mkali sana, na wafugaji wa nyanda za juu za Ethiopia wanaitumia kwa kondoo. Ina protini nyingi na tanini kidogo. Adui yake ni maji yanayotuama; ukiipanda bondeni mizizi inaoza, kwa hiyo ipande kwenye mteremko au kwenye kingo za matuta. Mbegu yake ina ganda gumu: mwagia maji yaliyotoka kuchemka, yaache yapoe humo, kesho yake panda. Miche michanga ikinge, kwa sababu kondoo, sungura na swala wote wanaipenda.

Mforosadi ni wa pili. Majani yake ni laini, karibu hayana tanini, na yanasagwa tumboni kuliko karibu jani lolote la mti ninalolijua. Unaupanda kwa vipandikizi vya urefu wa shubiri moja na nusu mwanzoni mwa mvua. Ila unakula sana: bila samadi utazaa fimbo. Na kwenye baridi kali unapukutisha, kwa hiyo majani yake mengi uyavune mwezi wa tatu na wa nne, uyakaushe kivulini juu ya turubai, ukiyageuza, siku mbili au tatu. Yakivunjika mkononi huku bado yana rangi ya kijani, yatie kwenye viroba, yaweke mahali pakavu. Yakiwa ya kahawia umeyachoma kwa jua. Yakinuka uvundo yametwaa ukungu, yatupe, usimpe mjamzito.

Sesbania inakua upesi kuliko yote na mbegu zake ni rahisi kupata, lakini haipendi kukatwa mara kwa mara na haidumu miaka mingi. Ichukulie kama ya kuanzia, wakati tagasaste inajijenga. Kaliandra inafaa kama shamba lako liko kuelekea kwenye chai, kule ukungu unakotanda na mvua inakuwa ndefu. Kwenye uwanda ulio wazi wa Mafinga umande wa kuganda utaipiga. Kaliandra ina tanini, hivyo kipimo kisizidi, na itoe mbichi: ikinyauka au kukauka thamani yake inashuka.

Idadi ya miti ndiyo inayowakatisha watu tamaa, kwa hiyo naisema wazi. Kwa ng'ombe wa maziwa huko nyanda za juu za Kenya, hesabu iliyozoeleka ni miti 500 ya kaliandra kwa kilo 6 za majani mabichi kila siku. Ukigawanya, ni miti 80 na kitu kwa kilo moja. Majike wako saba wakipata kilo moja kila mmoja unahitaji miti kama 580. Ukiipanda kwa nusu mita kati ya mche na mche ni ua wa karibu mita 290, ambao ukizunguka shamba la ekari moja na kurudi kwenye matuta unatosha. Kwa baridi ya kwenu mavuno yatakuwa chini kidogo ya hapo. Na usikate kabla mti haujafika mwaka mmoja hivi. Ukifika, ukate kwa urefu wa mita moja kutoka chini, si chini ya hapo, uuachie majani machache ya kupumulia. Nimeona ua mzuri wa kaliandra ukifa wote kwa sababu kijana aliyetumwa alikata kwenye goti, panga moja, kama anayefyeka uwanja.

Maana yake, miti haitakuokoa mwaka huu. Mwaka huu tegemea mashudu ya alizeti. Mkoa wa Iringa unakamua alizeti, mashudu yapo. Gramu 150 hadi 200 kwa kila jike mwenye mimba kwa siku zinafanya kazi ile ile ya kulisha vijidudu. Anza na konzi moja ndogo, uongeze kwa wiki mbili mpaka ufikie kipimo, kwa sababu vijidudu wa tumboni nao wanahitaji muda wa kubadilika. Kondoo akibadilishiwa chakula ghafla anavimba au anaharisha. Kondoo hubeba mimba karibu siku 150, na mtoto anakua zaidi katika wiki sita za mwisho. Katika wiki hizo ongeza na pumba ya mahindi kidogo, hasa kwa jike unayehisi ana mapacha. Kama una marando ya viazi vitamu, maganda ya maharage au majani ya njegere, usiyachome shambani. Hayo ni mboga pia.

Mabua yakate vipande vya urefu wa kidole, uyarushie maji ya chumvi kidogo. Majani ya miti yatundike kwa kamba usawa wa kichwa cha kondoo, wasiyakanyage na kuyakojolea, na uwape baada ya kula mabua kwanza, si asubuhi na tumbo tupu. Maji yawepo muda wote; kondoo anayekula vikavu bila maji anaacha kula.

Hapa niongeze onyo moja ambalo halihusu majani, kwa sababu najua ukikosa mashudu utashawishika. Usiwape kondoo chakula cha kuku wala cha nguruwe, wala mavi ya kuku wanaolishwa vyakula vya dukani. Vyakula hivyo mara nyingi vina shaba nyingi, na kondoo kuliko mifugo mingine yote hana uwezo wa kuitoa mwilini. Inajikusanya kwenye ini miezi na miezi, kisha siku moja anakojoa mkojo mwekundu na kufa.

Na msitu ule wa Sao Hill ulio mlangoni kwenu ni wa serikali. Ukitaka kuchunga humo au kukata chochote, nenda kwanza ofisi ya wakala wa misitu, TFS, uulize utaratibu. Matawi ya misindano hayakufai, ila nyasi zilizo kwenye njia za kuzuia moto wakati mwingine unaweza kuruhusiwa kuzikata.

Nisikupe matumaini kupita kiasi kuhusu chakula, maana ukondefu una sababu nyingine. Fungua jicho la kila kondoo, uvute kope la chini: ndani kukiwa kwekundu au pinki ya kukolea, vizuri, kukiwa kweupe kama karatasi, ana minyoo inayonyonya damu na hakuna jani litakalomnenepesha. Uvimbe laini chini ya taya unaotokea jioni baada ya kuchunga na kupungua asubuhi nao ni wa minyoo ya tumbo au ya ini. Lakini kwa kundi lako ambalo limekula parachichi, uvimbe huo unaweza pia kuwa wa moyo, na hapo ukimkimbiza ili umnyweshe dawa ya minyoo unaweza kumuua. Ndiyo maana nataka daktari awaone wote kumi na wawili, si yule mmoja peke yake. Angalia na meno: jike mzee aliyepoteza meno ya mbele hawezi mabua, huyo mpe vilaini tofauti au umuuze mapema.

Mtafute mtu siku hiyo hiyo ukiona yeyote anahema kwa mdomo wazi, ameanguka, amevimba ubavu wa kushoto kama ngoma, mkojo mwekundu au wa kahawia, jike mwenye mimba amekataa kula na amesimama kama kipofu, au mimba imetoka. Mimba iliyotoka usiishike kwa mikono mitupu. Kuna magonjwa yanayompata na binadamu. Afisa mifugo wa kata ndiye wa kwanza kumpigia. Akifa mmoja, usikimbilie kuchuna na kula: mwite afisa mifugo mfanye uchunguzi wa mzoga, kwa sababu moyo na ini vitatueleza kama ni parachichi au ni jambo jingine.

Kwa minyoo, maabara ya mifugo ya TVLA ina kituo Iringa mjini. Chukua kinyesi kibichi cha kondoo watano au sita, kila mmoja kwenye kifuko chake, kikitoka mwilini na si cha kuokota chini, uandike kwenye kifuko ni cha nani, uvifunge visipate jua, uvifikishe siku hiyo hiyo. Kwa mbegu na miche ya malisho uliza TALIRI kituo cha Uyole, Mbeya, ambao kazi yao ni utafiti wa mifugo na malisho ya nyanda hizi za kwetu. Nenda kwao mwezi wa tisa au wa kumi, kabla mvua hazijaanza, ili mbegu za tagasaste ziwe tayari kwenye kitalu mvua za kwanza zikishuka. Na leo jioni, kabla hujalala, mpapase tena yule jike kiwele na umsikilize anavyohema akiwa amelala. Kesho asubuhi niandikie ulichokisikia.